Kabla ya kufuga chaza, tupime maji ya pwani yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu ufugaji wa chaza, hasa yule anayekuzwa ufukweni, mahali panapofunikwa maji yanapojaa na kubaki wazi yanapopwa. Huenda wapo watakaoshangaa kuona barua ya namna hii ikitoka Mpunguzi, Dodoma, mwendo wa zaidi ya kilomita 400 kwa barabara kutoka baharini, ambako wengi wetu hatujawahi kumwona chaza akiwa hai. Hata hivyo, maamuzi kuhusu uvuvi na ukuzaji wa viumbe maji kwa upande wa Tanzania Bara yanafanyika hapahapa kwetu, katika Mji wa Serikali wa Mtumba na katika ukumbi wa Bunge, na mimi mwenyewe nilizaliwa katika kijiji cha pwani ya Mkoa wa Tanga kabla kazi haijanileta huku, nikaoa, nikapanda zabibu, nikawa mwenyeji.

Kila mwaka Bunge la bajeti linapoketi, kati ya Aprili na Juni, hufuatilia redioni hotuba ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi nikiwa shambani. Uchumi wa buluu unapozungumzwa, mwani hupewa nafasi yake, jongoo bahari hali kadhalika, kaa naye hutajwa, na chaza siku hizi ameanza kusikika, mara nyingi kwa ajili ya lulu. Jambo hilo linanifurahisha. Hofu yangu ni kwamba siku tutakapoamua kumfuga kwa ajili ya chakula tutakimbilia kununua vichanja, kamba na maboya kabla ya kuuliza kilicho ndani ya maji ya ufukwe wenyewe, ilhali kwa kiumbe huyu ladha na usalama vinatoka katika maji yaleyale na haviwezi kutenganishwa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiokota chaza. Siku za bamvua, maji ya pwani yetu yanapopwa hadi chini kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, alishuka mwambani na wanawake wenzake akiwa na nyundo ndogo, kisu kifupi na kifuu cha nazi. Aligonga ganda la juu kwenye bawaba yake, mara mbili tu, likabanduka, kisha akakwangua nyama pamoja na maji yake na kuiingiza kwenye kifuu, huku akiliacha ganda la chini limeng'ang'ania mwamba. Nilipomuuliza kwa nini habandui ganda lote alinijibu kwamba watoto wa chaza hawapendi mwamba mtupu, hufuata maganda ya wakubwa wao. Nilikuwa na umri wa miaka minane au tisa, nami nilidhani ni hadithi za wazee. Leo najua alikuwa sahihi kabisa: kiluwiluwi cha chaza huelea baharini kwa muda wa wiki mbili au tatu, kisha hutafuta kitu kigumu cha kujibandikia maisha yake yote, na ganda la chaza mwingine ndilo kipenzi chake.

Bibi alitofautisha chaza wa aina mbili, ingawa wote walikuwa wa uzao mmoja. Wa kwanza alikuwa yule wa juu ya mwamba, anayebaki wazi kila maji yanapopwa: mdogo, ganda lake nene na gumu kufungua, nyama yake imeshikamana na ina utamu unaobaki mdomoni. Wa pili alikuwa yule wa kwenye mkondo wa mikoko karibu na mdomo wa mto, ambaye maji humwacha kwa nadra: mkubwa, laini, mwepesi wa chumvi, na akipikwa hunywea. Wa mwambani aliwekewa babu. Wa mikokoni alichanganywa kwenye mchuzi wa tui la nazi ili tushibe wote.

Miaka mingi baadaye niliposoma kuhusu wafugaji wa chaza wa Hood Canal, katika jimbo la Washington nchini Marekani, nilikuta wakilieleza jambo lilelile kwa lugha ya kitaalamu. Hood Canal ni mkono mrefu wa bahari unaopokea mito ya maji baridi kutoka milima ya Olympic, na fukwe zake nyingi ni za changarawe. Huko wapo wanaoning'iniza chaza majini muda wote, na wapo wanaowatandaza moja kwa moja juu ya changarawe ya ufukweni na kuwaacha humo miaka miwili, mitatu, wakati mwingine minne. Yule wa majini hukua haraka kwa sababu anakula saa 24, lakini ganda lake huwa jembamba na nyama yake laini. Yule wa ufukweni anakula pale tu maji yanapomfunika. Yakipwa inambidi afunge ganda na kuyashikilia maji yake ndani mpaka bahari irudi. Msuli unaofunga ganda unafanya kazi hiyo kila siku, unakuwa imara, ganda linakuwa nene, na nyama inakuwa ya kutafuna badala ya kuteleza tu kooni. Kuna faida nyingine ambayo mtu wa Dodoma anapaswa kuijua: chaza aliyezoea kukaa nje ya maji husafiri vizuri zaidi, kwa kuwa anajua kufunga mdomo.

Neno letu pwani limetokana na kupwa. Waliotuachia lugha hii waliutambua ufukwe kwa tabia ya maji yake, na sidhani kama ipo sehemu nyingine ya bahari inayomfaa zaidi mtu asiye na boti wala mtaji. Maji yakishapwa, mkulima wa chaza anashuka kwa miguu, anageuza chaza wake, anawatenganisha walioganda pamoja, anawaondoa kiti cha pweza na kaa, na konokono wale wanaotoboa ganda, kisha anarudi nyumbani kabla maji hayajajaa. Hanunui chakula cha kuwalisha, maana chaza hula vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo bahari inamletea. Hanyunyizi dawa. Wanawake wa Paje na Jambiani walioanza kulima mwani kibiashara mwaka 1989 wanaufahamu vizuri mtindo huo wa kazi unaokwenda na maji.

Sasa niseme kuhusu ladha yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Chumvi ndiyo inayotangulia, na kiasi chake kinategemea chumvi ya maji alimolelewa: chaza wa karibu na mto ni mpole, wa bahari wazi ni mkali. Baada ya chumvi unakuja utamu, unaotokana na akiba ya nguvu anayojiwekea mwilini, iitwayo glaikojeni, na kutokana na asidi za amino zinazoifanya nyama yake ikolee kama mchuzi uliochemka muda mrefu. Mwishoni hubaki kitu kidogo, kwa wengine kama majani mabichi, kwa wengine kama tango, na hicho ndicho kinachobadilika kutoka ufukwe hadi ufukwe kulingana na vijimea vya mahali hapo na matope au mchanga wa chini yake. Majira nayo yana sehemu yake. Chaza anayekaribia kutaga hujaa maziwa, akawa laini na mzito mdomoni, na akishataga hubaki mwembamba na wa majimaji, akiba yake yote imetumika. Ndiyo maana katika nchi za kaskazini watu walizoea kuacha kumla chaza kati ya Mei na Agosti.

Wakulima wenzangu wa zabibu wataelewa upesi. Mche uleule wa Makutupora nyekundu ukipandwa Hombolo na ukipandwa huku Mpunguzi hautoi zabibu za ladha moja, na zabibu zilizovunwa Februari si sawa na zile za Agosti. Sisi tunasema ni udongo na jua. Kwa chaza hakuna udongo wa kumkinga na kitu chochote: chaza mkubwa mmoja anaweza kuchuja makumi ya lita za maji kwa siku, na kilichomo katika maji hayo hupita mwilini mwake, kizuri na kibaya. Mzabibu ukimwagiwa maji machafu, mzizi na udongo huchuja uchafu mwingi kabla haujafika kwenye tunda. Chaza yeye ndiye chujio lenyewe, na sisi tunakula chujio.

Mwaka juzi nilialikwa chakula cha jioni katika hoteli moja hapa mjini, nikafurahi kuona chaza kwenye orodha. Waliletwa sita juu ya barafu. Wawili walikuwa wamefunua midomo. Nikawagonga kwa ncha ya uma, hawakufunga. Chaza hai ukimgusa hufunga, na asiyefunga amekufa, hafai kuliwa hata kidogo. Nilimuuliza mhudumu walikotoka, akaenda jikoni, akarudi na jibu kwamba wametoka Dar es Salaam. Ufukwe gani, walivunwa siku gani, walisafirishwaje, hapakuwa na aliyejua. Nilirudisha sahani. Simlaumu kijana yule, na wala sitaki kuitaja hoteli hiyo, kwa sababu nina hakika ningeambiwa hivyohivyo popote pengine. Nchini Marekani kila mfuko wa chaza unabeba kibandiko chenye jina la eneo la mavuno na tarehe, na mwenye mgahawa anatakiwa kukitunza kwa siku 90 baada ya kuuza chaza wa mwisho, ili mtu akiugua ijulikane ni ufukwe upi ufungwe.

Magonjwa yenyewe si ya kubuni. Maji yanayopokea vinyesi huweza kumpa chaza norovirusi, homa ya ini ya aina A, na bakteria wa kundi la vibrio, ambalo ndilo kundi la mdudu wa kipindupindu. Baadhi ya vibrio huishi baharini bila hata kuwapo uchafu wa binadamu na huongezeka maji yanapopata joto, jambo ambalo sisi wa ukanda wa tropiki hatuwezi kulipuuza. Kumpika vizuri huua bakteria na virusi, na mila yetu ya kumchoma juu ya makaa mpaka afunguke mwenyewe, au kumchemsha na kumtilia ndimu na pilipili, ina busara kubwa kuliko tunavyodhani, ingawa kufunguka peke yake hakutoshi, inabidi aendelee kuiva. Lakini zipo sumu zinazotolewa na vijimea fulani vya baharini vinapochanua kwa wingi, na hizo haziondoki kwa moto. Dawa yake ni kupima maji na nyama, na kuufunga ufukwe mpaka hali itulie.

Kwa sababu hiyo naomba Wizara ianze na kipimo. Katika Umoja wa Ulaya fukwe za kuvunia chaza hupangwa kwa madaraja kutokana na idadi ya bakteria wa E. koli, ambao ni dalili ya vinyesi, katika nyama na maji ya ganda. Daraja la A, ambalo chaza wake huweza kwenda moja kwa moja kwa mlaji, kiwango chake ni bakteria wasiozidi 230 kwa gramu 100. Wa daraja la B lazima kwanza wasafishwe, kwa kawaida kwa kukaa siku moja hadi mbili katika matangi ya maji safi ya bahari, na hata usafishaji huo hautegemewi sana dhidi ya virusi. Kupata daraja la ufukwe kunahitaji sampuli za mara kwa mara, masika na vuli na kiangazi, maana mvua kubwa moja inaweza kuteremsha uchafu wa mji mzima hadi baharini. Kazi hiyo haihitaji mkopo kutoka nje. Inahitaji mtaalamu, chupa, kasha la barafu na maabara, na tunazo taasisi kama TAFIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, zenye watu waliosomea mambo haya.

Atakayesema huku ni kutanguliza woga akumbuke sangara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 samaki wa Ziwa Viktoria walizuiwa kuingia Ulaya zaidi ya mara moja, kwa sababu ya salmonela, kipindupindu, na mwaka 1999 kwa sababu ya hofu ya sumu zilizotumika kuvulia. Viwanda vilisimama na wavuvi wasio na hatia waliumia. Ndipo tukawekeza kwa bidii katika ukaguzi na maabara, na leo maabara ya Nyegezi, Mwanza, inaheshimika. Kwa chaza tunayo nafasi ya kufuata mpangilio ulio bora: kupima kwanza, kuuza baadaye.

Jambo la pili linalohusu maji ni joto. Mwishoni mwa Juni 2021 joto lisilo la kawaida liliipiga pwani ya kaskazini magharibi ya Marekani na sehemu ya Kanada, likakutana na maji yaliyopwa sana wakati wa mchana, na chaza, kome na kombe wengi wakafa wakiwa wamelala kwenye changarawe. Wafugaji wa huko wamezoea wakati wa baridi kuvuna usiku wakiwa na taa vichwani, kwa kuwa katika majira hayo maji yao hupwa zaidi usiku. Kwetu, kama nilivyoeleza, bamvua hupwa jua likiwa limeshapanda. Kwa hiyo kimo cha kumwekea chaza juu ya ufukwe ndicho kitakachoamua kama ataishi: akiwekwa juu mno ataungua, akiwekwa chini mno atakosa ule ugumu na ule utamu, na wadudu wanaomla watamfikia kwa urahisi. Kimo hicho hakiwezi kusomwa kwenye kitabu cha nchi nyingine. Wanawake wanaoshuka mwambani kila bamvua wanakijua kwa macho, kwa kuangalia mstari ambapo chaza wa asili wanaanza na mstari ambapo wanakoma.

Kuhusu mbegu nina msimamo mkali, na nausema wazi. Tusilete chaza wa Pasifiki. Najua ndiye anayefugwa zaidi duniani. Alitoka Japani, akapelekwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye akawaokoa wafugaji wa Ufaransa baada ya chaza waliokuwa nao kuangamizwa na ugonjwa. Lakini pia ametoroka mashambani na kujaza fukwe za Bahari ya Wadden upande wa Uholanzi na Ujerumani, na katika jimbo la New South Wales, Australia, aliwahi kutangazwa kuwa kiumbe hatari kwa sababu anamzidi nguvu chaza wa mwamba wa huko. Chaza huyo wa Sydney ni jamaa wa karibu wa chaza wetu wa mwambani. Anafugwa tangu karne ya 19 kwenye maji yanayopwa na kujaa, huchukua miaka mitatu au minne kukomaa, na walaji wengi wa Australia wanampenda kuliko yule mgeni anayekua haraka. Kama jamaa yake ameweza kujenga biashara ya zaidi ya miaka mia moja, sioni kwa nini wetu asipewe nafasi. Mbegu yake ipo: tungika maganda makavu ya chaza kwenye kamba katika mkondo ambao chaza wa asili wapo, wakati wa kutaga, na watoto watajibandika wenyewe, kama alivyosema Bibi.

Na ufukwe lazima uwe na mwenyewe. Mtu hawezi kusubiri miaka miwili au mitatu kwa mazao ambayo jirani anaweza kuyaokota usiku mmoja. Nchini Gambia, wanawake wanaovuna chaza kwenye mikoko ya Tanbi waliunda chama chao, TRY Oyster Women's Association, mwaka 2007. Walikubaliana kufunga mavuno kwa miezi kadhaa kila mwaka, wakaacha kukata mizizi ya mikoko, na mwaka 2012 Serikali yao ikawapa haki ya pekee ya kuvuna na kusimamia chaza wa eneo hilo. Mwaka huohuo walipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Sisi tayari tuna vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi katika vijiji vya pwani, vinavyojulikana kama BMU. Sheria ikiwapa wanawake waokotaji nafasi ya haki ndani ya vikundi hivyo, na mipaka ya ufukwe ikaandikwa, wao ndio watakaokuwa wa kwanza kumkemea mwenye hoteli anayeelekeza bomba la maji taka baharini, kwa sababu litakuwa linaingia shambani mwao.

Soko la bara lisidharauliwe. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inatufikisha Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa muda wa chini ya saa nne. Chaza wa ufukweni aliyefungwa vizuri, akalazwa ganda lenye kina likiwa chini, akafunikwa gunia bichi na kuwekwa mahali pa baridi, huvumilia siku kadhaa. Asitumbukizwe kwenye maji ya bomba, wala barafu isiyeyuke ikamlowesha. Maji baridi yasiyo na chumvi humuua. Binamu yangu aliwahi kuniletea kapu zima kwa basi akiwa amewajaza maji ya kisima ili wasikauke, na kati ya chaza wote wale hatukupata hata mmoja wa kula.

Ninachoiomba Wizara ni kidogo na kinawezekana ndani ya mwaka mmoja wa bajeti: ichague fukwe chache, za Tanga, Pwani, Lindi na Mtwara, ipime maji na nyama ya chaza kila mwezi kwa mwaka mzima, na kuyabandika matokeo kwa Kiswahili kwenye ofisi za vijiji hivyo na kuyachapisha magazetini, yawe mazuri au mabaya. Ufukwe utakaofaulu, niko tayari kuwa mteja wake wa kwanza huku Mpunguzi, kwa bei atakayotaja mkulima, mradi kwenye gunia pawe pameandikwa jina la ufukwe huo na siku ya mavuno.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa zabibu,
Mpunguzi, Dodoma